Konekta Iliyopita Kipimo Ikiwa Imetulia

Mpandaji yuko juu kabisa, mkanda umeshafungwa kwenye chuma, mimi niko chini ya mnara na mashine ya PIM, ile ya kupima kelele ambazo njia ya antena inajizalishia yenyewe, nimeiweka juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, tunaongea kwa simu. Skrini inasoma −112 dBm, hiyo ndo nguvu ya kelele, ikizidi kushuka chini ya sifuri ndo safi zaidi. Imetulia, haichezi. Nikamwambia haya kaka, gonga.

Akagonga konekta ya fida, ule waya mnene unaokwenda kwenye antena, kwa mpini wa bisibisi, mpini wa plastiki, taratibu tu.

−88.

Akaacha, ikarudi −112. Akagonga tena, −88 tena, na safari hii ikaganda hapo kidogo kabla ya kushuka.

Mwakilishi wa mteja alikuwa kwenye kivuli cha gari, akanyanyuka kuja kuchungulia, akakuta namba imesharudi chini. "Si hiyo mia na kumi na mbili? Limiti ni tisini na saba. Imepita hiyo injinia, piga picha tuondoke tukale Kibiti."

Na kweli, fomu ya mkataba ilisema −97, ikaacha nafasi ya picha moja ya skrini, na hakuna mahali pameandikwa gonga.

Picha tukapiga. Konekta nayo tukaifungua, baada ya ubishi ambao sitauandika hapa maana ulikuwa mrefu na kulikuwa na jua. Ila swali lenyewe limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, nikiwa kwenye daladala linakuja, nikiwa kwenye saiti nyingine linakuja. Ile konekta, pale ilipotulia inasoma −112, ilikuwa imepita au haijapita?

## Kilichokuwemo ndani

Wengi mnaosoma hapa PIM mnaijua kwahiyo napita haraka. Unaingiza masafa mawili kwenye njia ya antena, kila moja na wati zake 20. Njia ikiwa safi yanatoka yale yale mawili. Njia ikiwa na sehemu ambayo chuma kimegusana na chuma vibaya, au kuna kutu, au uchafu, au mtu kaweka kitu cha nikeli pasipotakiwa, yale mawili yanachanganyika na kuzaa masafa ambayo wewe hukuyatuma. Chukua 930 na 955 MHz, zote ni bendi ya 900 upande wa kutuma. Mara mbili ya 930 toa 955 unapata 905, na 905 ndo kule mnara unakosikiliza simu za watu. Yaani mnara unajipigia kelele wenyewe. Na hiyo −97 ukiiweka pembeni ya wati 20 ni tofauti ya dB 140, sehemu moja katika trilioni mia, na bado inatosha kumzimisha mtu aliye mbali kule shambani anayetafuta netiweki kwa kunyanyua simu juu.

Sasa ndani ya konekta ile, 7/16, tulikuta vitu viwili. Cha kwanza chembe za shaba za msumeno, ndogo sana, ungeziona tu kwa jinsi zilivyokuwa zinameta juani, maana aliyeikata fida hakuifuta kabla ya kuvalisha konekta. Cha pili nati ilikuwa imekazwa kwa spana ya kawaida, kwa kukisia. 7/16 inataka Nm 25 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwenda juu, na hiyo huipati kwa kukisia, unaipata kwa spana ya torki, ile inayolia klik ikifika pale ulipoiseti.

Kwa macho nyuso mbili za chuma zinaonekana laini. Ukweli ni kwamba zinagusana kwenye vilele vichache vidogo sana, na kazi ya ile Nm 25 ni kuvibonyeza vile vilele mpaka vilalie, ule utando mwembamba wa oksaidi upasuke na chuma kikutane na chuma. Ukikaza nusu, utando unabaki. Umeme unapita, multimita itakwambia safi kabisa, hata kipimo cha VSWR, kile cha mawimbi yanayorudi nyuma, kinaweza kukupa jibu zuri tu. Ila mguso wenyewe umekaa vibaya, na upepo wa jioni unautikisa mnara vile vile bisibisi ilivyoitikisa konekta.

Kwahiyo jibu langu la kwanza, lile la hasira, lilikuwa hili. Konekta usiyoisumbua hujaipima.

Nikaona nimemaliza. Nikaanza hadi kuandika hii makala kwa kichwa hicho.

## Upande wa taa ya kijani

Kabla sijafika kwenye kilichoniharibia, ngoja niseme kuhusu faiba, zile nyuzi za kioo zinazobeba mwanga, maana huko ndo ugonjwa umejificha zaidi.

Kiini cha faiba ya masafa marefu ni kama mikroni 9, kimevikwa kioo cha mikroni 125, na viini viwili vinatakiwa vikutane uso kwa uso ndani ya feruli mbili za seramiki zinazosukumana kwa springi. Nyuso zimesuguliwa zikawa na kiduara kidogo makusudi, ili kioo kiguse kioo na hewa isikae katikati. Hewa ikikaa katikati, kila uso unarudisha kama asilimia 3.5 ya mwanga ulikotoka. Sasa weka punje moja ya vumbi la barabara ya Mkuranga pale. Punje ya mikroni 5 inaziba zaidi ya nusu ya upana wa njia, na ukisukuma konekta mara ya kwanza inapondwa, inasambaa, ukichomoa na kuchomeka tena inahamia kwa mwenzake, na ikiwa ngumu inachimba kioo kabisa, hapo hata ukisafisha kovu limebaki.

Tunajua yote haya. Halafu mtu anachomoa pachikodi, ule waya mfupi wa faiba, anaifuta kwenye fulana ya kazi, anachomeka. Mwingine anapuliza kwa mdomo, yaani anaongeza na mate. Hata kile kifuniko cha plastiki ambacho watu wanakiamini sana kina uchafu wake kutoka kiwandani, kioo kinatakiwa kikaguliwe kwa darubini hata kama kifuniko umekitoa sasa hivi kwenye pakiti.

Na taa inawaka kijani.

Hilo ndo tatizo. Chukua GPON ya kawaida tu, yaani intaneti ya faiba ya majumbani. Mtambo unatuma +3 dBm, splita inayogawa mwanga mmoja mara 32 inakula kama dB 17, kilomita 10 za faiba tuseme 2.5, konekta zote kwa pamoja tuseme 1.5. Nyumbani kwa mteja unategemea kama −18. Ukipima unakuta −23. Kifaa cha daraja la B+ kinashika mpaka −27, kwahiyo taa inawaka, intaneti inatembea, mteja anasaini, fundi anaondoka. Lakini dB 5 zimepotelea njiani, na dB 5 ni zaidi ya theluthi mbili ya mwanga ambao ulitakiwa ufike. Uko wapi? Hakuna aliyeuliza, kwasababu fomu iliuliza kama huduma imewaka.

Ukiwa na OTDR, mashine inayotuma mwanga kwenye faiba na kuonyesha hasara iko wapi, ni rahisi kubanana nayo, piga kwa mwanga wa nanomita 1310 halafu kwa 1550. Hasara ikiwa karibu sawa kwenye zote mbili shuku konekta au splaisi (pale faiba mbili zilipoungwa), ikiwa kubwa zaidi kwenye 1550 basi kuna mahali faiba imekunjwa. Ila OTDR moja inagombewa na timu zote, tunajuana.

Kingine, na hichi kinanikera kuliko vyote, ni kijani kwenye bluu. Konekta ya kijani uso wake umelazwa digrii 8, ya bluu uso wake haujalazwa. Zinaingiliana vizuri tu, zinalia tik kama kawaida, na ndani kioo hakigusi kioo, kumebaki upenyo wenye pembe, na unapoteza dB kadhaa. Rangi mbili tofauti, mchana kweupe, na bado watu wanachomeka.

## Italia, miaka mitatu

Sasa kilichoniharibia kichwa cha makala.

Mnakumbuka Septemba 2011 ile habari kwamba kuna chembe zimekimbia kuliko mwanga? Jaribio la OPERA. Chembe zenyewe ni neutrino, zinatengenezwa CERN, maabara ya fizikia kule Geneva, zinapita ardhini kama kilomita 730 mpaka maabara iliyo chini ya mlima Gran Sasso, Italia, na saa zilionyesha zinafika nanosekunde 60 kabla ya muda ambao mwanga ungefika. Dunia nzima ikazungumza. Wizara ya elimu ya Italia ikatoa hadi taarifa ya kusifia handaki la kutoka CERN mpaka Gran Sasso, handaki ambalo halipo, neutrino hazihitaji handaki. Hiyo bado inanichekesha mpaka leo.

Februari 2012 wakasema wamekuta kitu. Saa ya chini ya mlima ilikuwa inaletewa muda kutoka kipokezi cha GPS kilichoko juu kwa faiba ya kilomita 8.3, na mwisho wa hiyo faiba kulikuwa na konekta ambayo haikukazwa sawasawa.

Konekta.

Yalivyotokea ndani ndo yanavyonifurahisha mimi kama fundi. Faiba haikuwa imechomoka. Mwanga ulikuwa unafika, ila pungufu. Upande wa kupokea kuna saketi inayosubiri mwanga ujae hadi kiwango fulani ndo iseme "mapigo yamefika". Mwanga ukiwa mwingi inafika kwenye kiwango haraka. Ukiwa kidogo inachelewa kujaa, ikachelewa kama nanosekunde 73, sawa na mtu ameongeza karibu mita 15 za faiba ambazo hazipo. Saa ya chini ikawa inapata muda kwa kuchelewa, kwahiyo inasoma nyuma, kwahiyo kila neutrino iliyofika ikaandikiwa imefika mapema. Kulikuwa na kosa lingine la saa lililovuta upande wa pili kama nanosekunde 15, ukizijumlisha unaikuta ile 60 kwa ukaribu. Machi 2012 msemaji wa jaribio, Antonio Ereditato, akajiuzulu. Baadae mwaka huo huo wakatoa vipimo vipya, neutrino ni watiifu kama sisi wengine.

Nimeisoma hii hadithi zamani na siku zote nilikuwa naitumia kuwachekesha vijana kwenye mafunzo. Wanasayansi wakubwa, nati moja. Safari hii nikaisoma nikiwa na −112 yangu kichwani, na nikaona kitu ambacho nilikuwa nakiruka.

## Hapa nikakwama

Ile konekta haikuwa inacheza.

Mimi nimeshajenga hoja yangu kwamba muunganiko mbovu utajitoa wenyewe ukiusumbua, kwamba namba itaruka. Lakini ile ya Gran Sasso ilikaa vibaya kwa utulivu. Kosa lilikuwa nanosekunde 73 leo, kesho, mwaka unaofuata. Neutrino zaidi ya elfu kumi na tano wamezipima, hesabu za takwimu safi, jibu linarudi lile lile, na kurudi lile lile ndo kulikowapa watu ujasiri. Utulivu wenyewe ndo ulioficha ubovu.

Na aliyewasaidia kuujua ukubwa wake na umri wake alikuwa jirani. Ndani ya maabara ile ile kuna kifaa kingine, LVD, kina saa yake na shughuli zake. Kuna chembe za muoni zinazopita mlimani kwa ulalo, baadhi zinavuka vifaa vyote viwili, kwahiyo ukilinganisha muda walioandika unapata tofauti ya saa zao. Wakarudi kwenye kumbukumbu za tangu 2007 wakaona tofauti imeruka katikati ya 2008 na ikakaa hivyo mpaka mwisho wa 2011. Zaidi ya miaka mitatu.

Hamna aliyegonga chochote. Waliweza kuona kwasababu namba za zamani zilikuwa zimeandikwa mahali, na zimeandikwa na mtu mwingine.

Hapo hoja yangu ikapasuka vipande viwili. Kuna ubovu unaojitokeza ukiusumbua, ule wa mnara. Na kuna ubovu uliotulia ambao utaugonga mpaka bisibisi ivunjike, utauona tu ukiwa na namba ya kulinganisha, aidha namba ya siku ilipozaliwa au namba ya hesabu inayosema ilitakiwa iwe ngapi. Ile −23 ya mteja wa GPON ni ndugu wa Gran Sasso. Haichezi. Iko pale, pungufu, na taa imewaka.

## Chumba cha joto

Nikajiuliza basi wanaotengeneza hizi konekta wao wanafanyaje, maana wao hawawezi kusubiri miaka 20 ndo wauze.

Wanaubana muda. Kuna mwongozo wa Telcordia unaitwa GR-326, wa konekta za faiba ya modi moja (single-mode, ile ya masafa marefu), ambao viwanda vingi vinaufuata. Konekta inaingizwa kwenye chumba, joto linapelekwa −40 halafu +75, linarudi, siku kadhaa mfululizo. Inakaa kwenye unyevu wa asilimia 95. Inavutwa, inapindwa, inachomekwa na kuchomolewa mara 200. Mara ya kwanza kuona −40 nilicheka, nani ana −40 huku Pwani? Lakini baridi yenyewe siyo hoja. Ndani ya konekta kuna kioo, gundi, seramiki na plastiki, kila kimoja kinatanuka na kusinyaa kwa kiasi chake, na kila mzunguko wa joto unaivuta ile gundi. Kama gundi haikuiva vizuri, faiba inaanza kuingia ndani ya feruli kidogo kidogo, kioo kinaachana na kioo. Boksi la kwenye nguzo Kilwa nalo linazunguka hivyo hivyo kila siku, jua la mchana, mvua ya ghafla, usiku, ila kwa upole, kwahiyo inachukua miaka.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba hawapimi kabla na baada tu. Wanapima wakati inateseka. Na kila sampuli ina namba yake ya mwanzo. Vyote viwili, usumbufu na kumbukumbu, kwenye chumba kimoja.

Sisi huku tunachukua konekta iliyopita mateso hayo yote, tunaifuta kwa fulana.

Na chumvi je? Kuna kipimo cha ukungu wa chumvi, ASTM B117, maji ya chumvi asilimia 5 kwa nyuzi joto 35, wanaacha metali zinyeshewe humo masaa na masaa. Joto na chumvi hewani, hiyo ni Mtwara siku ya kawaida. Konekta za redio zilizoko juu ya minara ya Pwani zinaishi ndani ya kile kipimo, kwahiyo kanda ya kuzuia maji siyo pambo. Unaanza chini unapanda juu, ili mikunjo ilaliane kama mabati ya paa na maji yateleze. Nimeona zilizofungwa kutoka juu kwenda chini, zinakusanya maji badala ya kuyafukuza, afadhali hata zingeachwa wazi zikauke.

## Fomu mpya

Basi kwenye timu yetu tumebadili fomu. Neno PASS tumelitoa. Kwenye PIM kuna safu mbili, imetulia ngapi na imegongwa ngapi, na limiti inasomwa kwenye ile ya kugongwa. Kwenye faiba kuna namba ya hesabu, yaani ulitegemea ngapi, halafu namba uliyopima, na picha ya uso wa kioo kabla na baada ya kusafisha. Mteja mmoja amekubali, mwingine anasema tunamwongezea gharama. Kiasi yuko sahihi, darubini siyo bei rahisi na fundi analipwa kwa saiti, siyo kwa saa, kila dakika ya kusafisha inatoka mfukoni kwake. Hilo sijalipatia dawa. Ukimlipa mtu kwa idadi atakupa idadi.

Fomu za kwanza zilivyorudi nikaipitia moja ya boksi la mtaani. Port ya kwanza hasara dB 0.20. Ya pili 0.20. Ya tatu 0.20. Nikashuka nayo mpaka chini, 0.20 zote. Sasa mimi pawa mita, kile kipimo cha nguvu ya mwanga, haijawahi kunipa hivyo hata kwenye pachikodi moja ile ile nikiichomoa na kuirudisha, lazima icheze kidogo.

Nikampigia fundi aliyeijaza. "Bosi, mbona zote ziko chini ya limiti?" Nikamwambia ndiyo, rudi tu na mashine, mafuta nalipa mimi.

Jioni akatuma nyingine. 0.14, 0.31, 0.22, 0.27, 0.19, na port ya sita 3.8. Chini yake kaambatanisha picha, hakuandika maelezo yoyote: kijani imechomekwa kwenye bluu, na port hiyo ndo inalisha splita, wateja wote wa boksi lile wako nyuma yake na wote walikuwa hewani. Za 0.20 sijamuuliza alizitoa wapi. Nimemuomba atume na ya boksi la mtaa wa pili, ambalo nalo fomu yake ninayo hapa.